Hotuba ya Mwenyekiti: Safari ya Irente na Uzee Wetu

 

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii. Tulioanza naye safari hii na leo hayupo, tunamwombea apumzike kwa amani. Tuliobaki tunasema ahsante.

Mtatusikia tukisema "sisi" tangu mwanzo hadi mwisho. Hotuba hii inasomwa na mwenyekiti lakini hakuitunga peke yake. Tulikaa wanawake watano wa umri mkubwa, jioni tatu, nyumbani kwa mweka hazina, tukazungumza, katibu akaandika. Sisi elimu yetu ni darasa la saba, tena wengi ni wale wa UPE ya mwaka 1977, tulioandika kwa vidole mchangani kabla ya kupata daftari. Mkisikia kosa la lugha mtuvumilie, mshike maana.

Risala ya kikundi mtasomewa na katibu, na mahesabu yote yamo humo. Sisi tutasema machache tu. Tulianza mwezi wa Septemba mwaka 2014, wanawake 17, chini ya mwembe, hapa hapa Korogwe. Hisa moja ilikuwa shilingi 1,000/=. Sanduku letu la bati lilikuwa na kufuli tatu, na funguo zake zilikaa nyumba tatu tofauti, ili asiwepo mtu wa kulifungua peke yake. Mwenye kuchelewa alilipa faini 200/=, na mwenyekiti ndiye aliyeongoza kwa faini mwaka wa kwanza. Watu walitucheka. Walisema wanawake watagombana kabla ya mvua za vuli. Baadaye ilipotoka Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, iliyotaka vikundi kama chetu viandikishwe, tukaandikishwa halmashauri na cheti chetu kipo. Leo tuko 30. Haba na haba hujaza kibaba.

Basi hayo mtayasikia kwenye risala. Leo tumeombwa tusimulie safari yetu ya Irente ya mwezi wa Agosti mwaka 2024. Wengine mnafikiri tulikwenda kutembea tu na kupiga picha. Picha zipo, mtaziona ndani ya kitabu hiki. Lakini tulikwenda na jambo moyoni, na jambo hilo ndilo tunalotaka kulisema mbele yenu, maana lilikaribia kukivunja kikundi.

Mwezi wa Januari, katika mkutano wa Jumamosi, mwenzetu mmoja kijana alisimama akatoa pendekezo. Ni mchapakazi, hajawahi kuchelewesha rejesho hata siku moja. Mnajua kanuni yetu inaruhusu mwanachama kukopa hadi mara tatu ya hisa zake. Yeye akasema mwanachama akishatimiza miaka 60 asikope zaidi ya hisa zake mwenyewe. Alipoulizwa sababu akajibu kwa maneno matatu: "Akifa nani atalipa?"

Jamani, pakawa kimya. Kila mtu akaanza kuangalia kucha zake. Kisha mama yetu wa miaka 71, mwanachama namba 3 katika daftari letu, akachukua kitabu chake cha hisa, akajifunga khanga vizuri, akatoka bila kuaga. Kesho yake alimtuma mjukuu wake: "Bibi anasema mmhesabie hisa zake. Anatoka."

Hatukulala. Maana sisi tuliobaki katikati, wa miaka hamsini na kitu, hatukujua tusimame upande gani. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema mzee ni mtu wa miaka 60 na kuendelea. Kwa hesabu hiyo sisi bado. Lakini mtu anajua mambo ya mwili wake. Tunapoandika hisa, daftari tunalisogeza mbali mpaka mkono unakwisha, na bado tarakimu hatuzioni. Usiku mwili unawaka moto kama tunapika maandazi, na asubuhi magoti yanalia tunapoinuka. Watoto wamekwenda Dar es Salaam na Arusha, simu inapigwa Jumapili. Wengine tumezika waume. Kwa hiyo pendekezo lile tulipolisikia, kila mmoja alihesabu kimya kimya: mimi imebaki miaka mitano, mimi imebaki minne. Tukaona kama mlango unafungwa na sisi tumo nje.

Tena mfikirie. Sisi ni wachuuzi wa machungwa na maandazi, ni mama lishe wa stendi, ni wakulima wa jembe la mkono. Hatuna kiinua mgongo. Wenzetu wa Zanzibar, tangu mwaka 2016 wazee wao wa miaka 70 na zaidi wanapata pensheni jamii, nasi tunawapongeza. Kwetu sisi pensheni ni sanduku lile la bati. Ukimwambia mtu sanduku lile sasa limwogope, umemwambia mengi.

Jambo likalala, halikuisha. Mwezi wa Juni tulipogawana, ikabaki fedha ya faini na ya mfuko wa sherehe. Wengine wakataka sare za vitenge. Mweka hazina ndiye aliyesema, "Vitenge tunavyo. Twendeni Lushoto, tukakae siku nzima pamoja bila sanduku katikati yetu." Tukabishana, tukapiga kura, Lushoto ikashinda kwa kura mbili.

Tukaenda watatu kwa mama yetu kumwomba aje. Alitupa viti, akatupa chai, akakataa. Tukainuka kuondoka. Tulipofika mlangoni akauliza, "Huko Lushoto mnakwenda sehemu gani?" Tukamwambia tunakwenda Irente, pale juu kwenye mwamba. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mlima ule nimeutazama kwa chini toka nizaliwe. Sijawahi kuupanda." Siku ya safari alikuwa wa kwanza kufika stendi, saa kumi na moja alfajiri, na kikapu chake.

Hapa tueleze kidogo kwa wageni wasiotujua. Kikundi chetu kina Wasambaa waliotoka milimani, wapo Wazigua na Wabondei, na wapo watoto wa manamba, yaani wale ambao baba zao waliletwa kutoka mbali kuja kukata mkonge. Mama yetu huyu ni mtoto wa manamba. Baba yake alitoka Kigoma. Yeye amezaliwa kambini, chini ya milima ya Usambara, na amefanya kazi ya kuanika katani tangu akiwa msichana. Wakati huo mkonge ulikuwa mali kweli kweli. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za katani, hakuna nchi duniani iliyotupita. Baadaye zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, mashamba mengi yakafungwa, na mumewe akarudi nyumbani na jembe bila kazi. Kwa hiyo mlima ule kwa Msambaa ni nyumbani, lakini kwa mtoto wa kambini ulikuwa ukuta: jua likichomoza nyuma yake, siku ya kazi imeanza.

Tulipanda kosta tukapita Mombo, pale reli ya Tanga ilipofika mwaka 1905, tukaacha barabara kuu na kuanza kupanda. Barabara ile inapinda mpaka unaona mgongo wa gari lako mwenyewe. Mkono huu ukuta wa mawe, mkono ule bonde, na mto unapiga kelele chini. Vijana waliimba. Wawili walitapika, tukawapa ndimu wanuse. Wasambaa wetu wakawa kila kona wanasema: hapa tulipita na mizigo ya mboga kichwani tukishuka kwenda sokoni, hapa tulipumzika, hapa tulikunywa maji. Watoto wa simu za mkononi wakawatazama kama wanasikia hadithi za sungura.

Soni tulisimama kuangalia maporomoko ya maji. Baridi ya Agosti ikatushika, tukaongeza khanga. Mwenzetu mmoja aliyezaliwa maeneo hayo alitaka kukiona kijito alichooga utotoni. Akakiona. Kilikuwa kimepungua, maji yanapita kwenye vifundo vya miguu, na msitu uliokuwa juu yake umekuwa mashamba ya kabichi na viazi. Tulidhani atalia. Akavua viatu, akasimama ndani ya maji, akasema, "Na wewe umekonda, mwenzangu." Tukacheka wote.

Akatuonyesha kitu kingine kwenye mteremko: mashamba yamekatwa ngazi ngazi, kingo zimepandwa mabingobingo kuzuia udongo. Mama yake alimsimulia habari za matuta ya miaka ya 1950. Serikali ya kikoloni ililazimisha watu wa Usambara kulima matuta, na kazi kubwa iliwaangukia wanawake. Watu walikataa, wakagoma, mpaka amri ile ikashindwa. Leo wajukuu wanakata ngazi hizo bila kusukumwa na mtu, kwa sababu wameona udongo unakwenda na maji. Mwenzetu akasema, "Mama alikataa kulazimishwa. Hakuukataa udongo." Neno hilo tuliliweka, baadaye lilitusaidia.

Mji wa Lushoto, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmsthal, tuliupita haraka, tukanunua mikate na matunda, tukaendelea hadi Irente. Mwisho wa safari ni kwa miguu. Kosta ikatuacha.

Ndugu zangu, hapo ndipo uzee ulipotutolea salamu rasmi. Ni mwendo mfupi. Msichana anaukimbia huku anakula muwa. Sisi tulikaa chini mara tatu. Sisi hawa tuliobeba ndoo kichwani na mtoto mgongoni na mwingine tumboni! Vijana walitangulia, wakatuona hatufiki, wakarudi wakatupokea vikapu. Tukaona aibu. Mmoja wetu alimnyang'anya binti kikapu chake, akakibeba hatua kumi, akamrudishia mwenyewe bila kusema kitu.

Aliyetushangaza ni mama wa miaka 71. Alikuja nyuma kabisa, na fimbo, pole pole, anasimama kila penye kivuli, anasalimia kila anayepita, anauliza mti huu jina lake nini. Tukamwambia, "Mama, pole, ni mbali." Akajibu, "Pole ya nini? Mimi sina ugomvi na mlima. Wala hauondoki." Wengine tulifika juu tunahema, hatukuwa tumeona kitu njiani. Yeye alifika ameona kila kitu.

Basi tukafika kwenye mwamba. Aliyefika Irente anajua. Milima inakatika ghafla kama mkate uliokatwa kwa kisu, na mbele yako hakuna kitu ila hewa. Chini, mamia na mamia ya mita, nchi yote imelala: mbuga ya Wamasai inakwenda mpaka inapotea kwenye ukungu, barabara kuu ya kwenda Moshi ni uzi, malori ni siafu. Na pembeni mashamba ya mkonge, mistari imenyooka kama mtu ameandika kwenye daftari.

Mama yetu alikaa kwenye jiwe. Akatazama muda mrefu. Kisha akainua fimbo akaanza kuonyesha. Kambi ilikuwa pale. Kisima kilikuwa pale, sasa sioni. Mistari ile ndiyo tuliyoanikia katani, jua la saa saba, mikono inawasha mpaka usiku. Pale nilijifungua mtoto wa kwanza. Pale tulimzika. Alisema hivyo hivyo, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma mahesabu ambayo yamekwisha kukaguliwa.

Halafu akasema neno hili, na katibu aliliandika hapo hapo: "Nilipokuwa kule chini nilidhani shamba lile halina mwisho. Kila siku nilisema, hata nikifa sitalimaliza. Kumbe lilikuwa na mwisho. Lile pale, naliona kingo zake zote nne."

Tukanyamaza. Yule kijana aliyetoa pendekezo alikuwa amekaa mbali kidogo. Akasogea akauliza, kwa adabu, "Bibi, ungepewa ujana wako tena ungerudi?" Mama akamwangalia. Ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza tangu Januari. Akasema, "Ujana wangu ulikuwa mzigo wa katani, mwanangu. Nimeshautua. Siutaki tena kichwani. Lakini sioni haya kwamba niliubeba, na shingo yangu naijua ilivyo na nguvu."

Yule binti akaanza kulia. Hapo ndipo akatueleza jambo ambalo kwa miaka mitano ya uanachama hatukulijua, na ametupa ruhusa tuliseme leo. Mama yake mzazi alikuwa mwanachama wa kikundi kingine, mahali pengine. Alikopa, akaugua, akafariki deni halijaisha. Matanga hayajaanuliwa, wenzake wakaja wakachukua godoro, sufuria na cherehani. Yeye alikuwa na miaka 16, na cherehani ile ndiyo ingemlisha pamoja na wadogo zake. Aliposema "Akifa nani atalipa?" hakuwa anawadharau wazee. Aliliona godoro likitoka mlangoni.

Mama yetu akampisha kwenye jiwe, wakakaa wawili. Akamwambia, "Ungesema hivyo Januari, nisingetoka." Binti akasema, "Na wewe ungebaki, ningesema."

Tulikula pale pale juu, mikate na mayai ya kuchemsha na ndizi. Upepo ulikuwa baridi na jua kali, na tuliona raha ambayo ni vigumu kuieleza. Tulizungumza kama hatujawahi kuzungumza. Mweka hazina alilia kidogo kwa ajili ya marehemu mumewe, ambaye kila mwaka alimwahidi kumleta Irente. Hatukumwambia anyamaze. Akalia, akafuta, akaomba yai lingine.

Wakati wa kushuka mama yetu alitufundisha kitu juu ya mkonge, na wengi wetu tuliokulia hapa Korogwe hatukuwa tumekifikiri. Mmea ule unakatwa majani miaka na miaka, na kila ukikatwa unatoa mengine. Mwisho wake ukikaribia, unatoa mlingoti mmoja katikati, unapanda juu sana kuliko ulivyowahi kuwa. Juu ya mlingoti unatoa maua, halafu miche midogo midogo, mingi isiyohesabika, inadondoka chini kila moja na majani yake tayari. Kisha mama mkonge anakauka. "Watu wakiona mlingoti wanasema mkonge umezeeka," alisema. "Ni kweli umezeeka. Lakini tazama ndio siku unaoonekana kutoka mbali."

Ndugu Mgeni Rasmi, sisi si wahubiri. Lakini tulirudi Korogwe usiku ule tukiwa watu wengine kidogo, na tumejiuliza ni kwa nini. Tunadhani ni hivi. Uzee tulikuwa tunautazama kwa chini, kama mtoto wa kambini alivyoutazama mlima: ukuta mbele yake. Siku ile tulisimama juu ya ukuta wenyewe, tukakuta kumbe ni mahali pa kukaa, pana baridi na magoti yanauma, lakini panaonekana mbali. Kazi zote tulizodhani haziishi, watoto waliotukesha, madeni, misiba, tuliziona kingo zake. Baadhi zilituuma upya. Nyingi zilitufanya tucheke. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na mengi yenyewe huwezi kuyaona vizuri ukiwa bado umeinama katikati yake.

Hatusemi kuzeeka ni kuzuri kila siku. Asubuhi ya kesho yake hakuna aliyeweza kupanda ngazi za kanisa, na sokoni tulikwenda tumeshikana viuno. Anayewaambia uzee hauumi anataka kuwauzia dawa. Tunachosema ni kwamba mtu anaweza kuumwa magoti na akaridhika, yote mawili kwa siku moja, maana sisi tulifanya hivyo.

Sasa tuje kwenye sanduku, maana kikundi hakiishi kwa kutazama mandhari. Jumamosi iliyofuata tulikutana. Pendekezo la Januari likarudi mezani, na safari hii waliolileta walikuwa wawili, binti na bibi, wamekaa benchi moja. Walikuwa wamezungumza nyumbani. Wakasema tusimzuie mtu kwa umri, kwa sababu kifo hakisomi cheti cha kuzaliwa, hata kijana anagongwa na bodaboda. Badala yake kila anayekopa, awe na miaka 20 au 80, akatwe shilingi 10 katika kila shilingi 1,000/= ya mkopo wake, ziwekwe kwenye mfuko wa peke yake. Mwanachama akifariki na deni, mfuko huo unalipa. Hisa zake wanapewa watoto wake. Hakuna mtu wa kikundi hiki atakayegusa sufuria ya marehemu. Mama yetu alilisema kwa Kiswahili kifupi: "Deni langu mnizike nalo."

Tulipiga kura kwa kunyoosha mikono. Wote 30. Kanuni hiyo tumeiingiza kwenye katiba yetu, na sasa tunawakumbusha neno la yule mama wa Soni: wazee wetu walikataa kulazimishwa, hawakuukataa udongo. Pendekezo lililokuja kama amri lilitugawa. Lilipokuja kama mazungumzo, tulilima ngazi wenyewe.

Jambo la mwisho. Sisi watatu, yaani mwenyekiti, mweka hazina na mshika ufunguo wa kwanza, tumekaa madarakani miaka kumi. Mlituchagua kila mara na tunawashukuru. Uchaguzi ujao wa mwezi wa Desemba majina yetu msiyaandike. Hatujakasirika, wala hatujaugua. Tumeona pale njiani jinsi mabinti walivyorudi kutupokea vikapu, na jinsi tulivyowanyang'anya kwa aibu. Aibu ile imetutosha. Kikapu hiki tunakitoa wenyewe, bado tukiwa na nguvu ya kuwaonyesha wapi pana utelezi. Penye wazee haliharibiki neno, lakini wazee nao waache kubeba kila kitu. Tutabaki wanachama wa kawaida, tutanunua hisa, tutakopa, na tukichelewa mtutoze faini. Mwenyekiti wenu anajua hiyo atailipa mara nyingi.

Wadogo zetu na wanetu, tunawaomba mambo mawili. La kwanza, mkiwa na uchungu semeni uchungu wenyewe, msiugeuze kuwa kifungu cha kanuni. La pili, tafuteni siku moja katika mwaka mkae pamoja bila sanduku. Si lazima Irente. Hata ukingo wa mto Pangani unatosha, nauli ni ya miguu.

Na ninyi wa rika letu, msingoje mpaka mtu awaahidi. Mweka hazina alingoja miaka 20 kupelekwa mlimani. Kwenda kwenyewe kumbe ni kosta, ndimu mbili na uamuzi. Pandeni pole pole, salimieni watu, ulizeni majina ya miti. Mlima hauondoki.

Tunawashukuru waume zetu waliobaki siku ile na watoto, wakapika ugali tuliousikia harufu yake ya kuungua kutoka stendi. Tunamshukuru dereva aliyetupeleka na kuturudisha salama. Tunawashukuru majirani waliotucheka mwaka 2014, maana wanne kati yao leo ni wanachama. Na tunamshukuru mama yetu, mwanachama namba 3, ambaye kitabu chake cha hisa tulikuwa hatujakifunga. Kilikaa ndani ya sanduku miezi saba, kinamngoja.

Mungu akibariki kikundi chetu. Mungu aibariki Korogwe. Mungu ibariki Tanzania.

Kikundi hoyeee!